Dagaa wa Ijumaa

Ijumaa ile mitumbwi ilichelewa kuingia Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Mwanza. Kwa kawaida wavuvi wa dagaa hutoka na karabai zao usiku wa giza, usio na mbalamwezi, na kurudi alfajiri. Jua likichomoza dagaa wako mchangani, na likiwaka vizuri, jioni unawazoa wakiwa wakavu. Siku hiyo upepo uliwazuia ziwani hadi karibu adhuhuri, halafu mawingu yakatanda. Bibi alikuwa ameshawapokea na kuwalipia. Jua lilipokaribia kuzama, dagaa walikuwa bado wabichi kabisa.

Bibi yangu alikuwa Mjita, Msabato tangu tumboni mwa mama yake. Usabato uliingia kwao na wamisionari wa Kijerumani, waliofika upande ule wa ziwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwake Sabato ilianza jua linapozama Ijumaa. Maji yalikuwa yameshachotwa, makande yameiva, nguo za kanisani zimepigwa pasi. Aliwalipa wale akina mama vibarua wa kuanika akawaambia waende nyumbani. Tukawakusanya dagaa, tukawafunika kwa turubai, tukaingia ndani kufungua Sabato kwa wimbo na sala. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nilishaanza kuwasikia wale dagaa wakitoa harufu.

Kesho yake likawaka jua ambalo mwanikaji yeyote angelipigia magoti. Tulipotoka Shule ya Sabato, ufukwe wote ulikuwa umeanikwa isipokuwa kipande chetu. Mjomba alikuwa ameshafika kutoka Kirumba, Mwanza mjini, amekaa chini ya mwembe anatusubiri. Nusu ya mtaji ilikuwa yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Sabato njema."

Mjomba hakuitikia hiyo ya pili. Alipooa alihamia AIC, kanisa linalosali Jumapili, na wakati huo alikuwa mzee wa kanisa huko mjini, mtu wa Biblia hasa. Akasema jua hili halitangoji, na kwamba Bwana Yesu mwenyewe aliuliza ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani hatamwopoa siku ya Sabato.

Bibi akavua viatu vyake vya kanisani, akaketi mkekani. "Ng'ombe yule alikuwa hai," akasema. "Hawa dagaa wamekufa tangu jana."

Mjomba hakucheka. Akafungua Wakolosai 2:16, mtu asiwahukumu ninyi kwa sababu ya sikukuu, au mwandamo wa mwezi, au sabato. Akasoma Matendo 20:7, wanafunzi wamekutana siku ya kwanza ya juma kumega mkate. Akamalizia na Warumi 14:5, kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Alijibu kwamba Paulo hakuwepo Mungu alipoitakasa siku ya saba, wala Wayahudi hawakuwepo; walikuwepo Adamu na Hawa tu, na Sabato ni ya watoto wao wote. Kuhusu Warumi alisema hilo ndilo analolifanya: yeye ameshathibitika.

Hapo mjomba akabadili njia. "Basi wewe pumzika, Mama. Wale vibarua si Wasabato. Nitawaita mimi, nitawalipa mimi, wewe hata usitoke nje."

Nadhani aliamini amepata mlango, na hata mimi niliona amepata. Bibi akaniambia nimletee Biblia yake, ingawa maneno aliyajua kwa moyo. Hakunifungulisha Kutoka 20, ile ya kukariri. Alinifungulisha Kumbukumbu la Torati 5, amri ileile ya Sabato kwa sababu nyingine. Nikasoma kwa sauti: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, mgeni aliye ndani ya malango, wapumzike vilevile kama wewe. Halafu: ukumbuke ulikuwa mtumwa Misri.

"Umesikia?" akamwambia mjomba. "Nisilolifanya mimi, siwezi kumtuma mtoto wa mwenzangu akalifanye. Nitakuwa Farao."

Siku hizi mimi nasali Jumapili. Kwa vifungu, naona mjomba alisimama pazuri: Wakristo wa kwanza walikutana siku ya Ufufuko mapema sana, na Justin, mwandishi Mkristo aliyeandika Roma mnamo mwaka 150 hivi, anaeleza ibada ya Jumapili kama jambo la kawaida. Kwa hiyo sikubali, kama wengine wasemavyo, kwamba Kaisari Konstantino wa Roma ndiye aliyeibuni ibada ya Jumapili. Alichofanya mwaka 321 ni kuamuru mahakimu na watu wa mijini wapumzike siku hiyo. Lakini amri yake inayo sehemu ambayo sijawahi kuisoma bila kumkumbuka mjomba chini ya ule mwembe: wakulima wa mashambani waliruhusiwa kuendelea na kazi, hali nzuri ya hewa isije ikawapita. Wa mjini apumzike, mwenye jembe aendelee. Bibi asingeikubali amri hiyo hata ingekuwa ya Jumamosi.

Na hapa ndipo linaponiuma. Sisi wa Jumapili tumejifunza vizuri kumjibu Msabato. Tuna Wakolosai, tuna Warumi, tuna siku ya Ufufuko. Lakini binti wa kazi ametuamkia saa kumi na moja tuwahi misa ya kwanza, anatupikia pilau tukiwa kwaya, na usiku bado yuko na vyombo. Siku yake ni ipi? Tukiulizwa hilo hatuna kifungu. Yesu alisema Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, na binti huyo ni mwanadamu.

Sitaki kusema uamuzi wa Bibi haukuwa na gharama. Mmoja wa wale vibarua alikuja asubuhi ile kuulizia kazi. Ana watoto, hawezi kukaa bure. Bibi alimpa makande ya watoto, na yule mama akaenda kuanika kwa jirani. Hakuna aliyemlaumu. Jumapili alfajiri tulifunua turubai, na joto la ule mrundo lilinipiga usoni. Walioharibika walikuwa wengi. Tukawaanika hivyo hivyo, na wakanunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Mjomba alirudi mchana akiwa ametoka ibadani, bado na tai shingoni. Bibi alikuwa ameshafungua fundo la khanga yake. Akamhesabia nusu yake yote ya mtaji, noti kwa noti, kana kwamba dagaa wamefika soko la Mwaloni wakiwa wazima.

"Sabato ni yangu," akamwambia. "Hasara isiwe yako."

Mjomba alikataa. Wakavutana kwa muda mrefu kuliko walivyovutana kwa vifungu, mpaka mwisho akakubali kupokea sehemu tu, akasema iliyobaki iwe mtaji wa giza lijalo. Kisha wakapatana jambo ambalo Bibi alilishika hadi alipoacha biashara: mtumbwi ukiingia Ijumaa, hapokei hata ndoo moja, na mjomba hamwulizi.

Akavua tai, akakunja suruali, akaja kutusaidia kugeuza.