Halibatoni katika daftari la Baba

Likoni, Jumamosi, 10 Mei 2025

Nimetoka zamu ya usiku, nimevuka feri nikiwa nimebanwa na mikokoteni ya vitunguu, nikafika nyumbani na kumkuta Baba ameshatoa kiti chake barazani.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Gazeti?"

Sikuleta gazeti. Macho yake hayasomi tena herufi ndogo, lakini gazeti hulitaka kila siku, alishike kwanza, alikunjue, alinuse hata, ndipo anipe nimsomee. Leo nilikuwa na kitu kingine cha kumsomea, nacho kimenifanya nikose usingizi ambao nauhitaji sana.

Inabidi nianzie nyuma kidogo. Baba alikuwa karani Kilindini, kazi ya kuhesabu mizigo inaposhushwa. Ana daftari moja jeusi ambalo si la kazi, ni lake mwenyewe, na ndani yake kuna majina ya meli. "Meli haipewi jina bure," ndivyo anavyosema. Jina la mji au la nyota halimsumbui. Jina la mtu analiwekea alama ya kuuliza, na alama hiyo haifutwi mpaka apatikane wa kumweleza huyo mtu ni nani. Nimekua nikiona alama hizo zikipungua moja moja.

Aprili 2009 nilikuwa likizoni, kidato cha tatu. Tarehe 8 maharamia wa Kisomali waliiteka Maersk Alabama, meli ya mizigo yenye mabaharia 20, ikija hapa kwetu Mombasa na chakula cha msaada. Mjini hapakuwa na habari nyingine. Mabaharia wakaikomboa meli yao, lakini nahodha, Richard Phillips, akabaki mikononi mwa maharamia ndani ya mashua ya kuokolea. Manowari ya kwanza kufika ilikuwa Bainbridge. Siku iliyofuata ikafika ya pili. Maersk Alabama yenyewe ilifunga gati Kilindini Jumamosi jioni, na kesho yake, Jumapili ya Pasaka, wadunguzi wa Marekani wakawapiga maharamia watatu na nahodha akatoka mzima. Baba alifuata yote hayo redioni, na jina la ile manowari ya pili aliliandika kama masikio yake yalivyolipokea: Halibatoni. Mbele yake akaweka alama ya kuuliza.

Alama hiyo imekaa miaka 16. Nimempata mwenye jina hilo wiki hii, na nilipoona tarehe aliyokufa nikajua nitamsomea Baba lini. Tarehe 10 Mei 1945. Leo ni miaka 80 kamili.

Nilitarajia admirali, mtu wa ndevu na upanga. Kumbe William David Halyburton Mdogo alikuwa kijana wa miaka 20. Alizaliwa 2 Agosti 1924 huko Canton, mji wa kiwanda cha karatasi kwenye milima ya North Carolina, akasomea sekondari Wilmington, upande wa pili wa jimbo hilo, kando ya bahari. Hapo nilimsogelea kidogo: mtoto wa mji wa bandari. Miaka ya vita Wilmington walikuwa wakiunda meli za mizigo bila kupumzika, zaidi ya 200 kwa jumla. Kijana wa pale hakuhitaji kuelezwa vita viko wapi, alikuwa akiviona vikishushwa majini. Alijiunga na Chuo cha Davidson kwa nia ya kuwa mchungaji. Agosti 1943, mwezi aliotimiza miaka 19, akaingia jeshi la majini.

Cheo chake rasmi kilikuwa msaidizi wa mfamasia, daraja la pili. Nilicheka nilipokisoma, maana ungedhani ni mtu wa kuhesabu vidonge nyuma ya kaunta. Kumbe askari wa Marine, wale wa Marekani wanaotoka melini kupigana nchi kavu, hawana watu wao wa tiba, tangu zamani huwapata kutoka jeshi la majini. Kwa hiyo mtu anaweza kujiandikisha akiwaza sitaha na upepo wa bahari, halafu akajikuta anatembea kwenye matope na askari wa miguu, ubavuni ana mikoba ya bendeji, unga wa salfa na vijisindano vya mofini. Hao askari humwita Doc, yaani daktari, hata kama juzijuzi tu alikuwa anafanya mtihani wa darasani. Na kule Pasifiki wengi wao walikuwa wameacha kuvaa ule msalaba mwekundu mkononi. Ulikuwa unawasaidia wadunguzi kulenga.

"Basi ni dresa," akasema Baba.

Neno hilo sijalisikia siku nyingi. Dresa, yule wa zahanati za zamani mwenye kaptula na chupa ya ayodini. Nikamwambia ndiyo, ni dresa haswa.

Akanyamaza, halafu akapapasa kurasa za daftari kwa kidole mpaka akanionyesha nisome mstari mmoja: Khedive Ismail, 1944. Huu hauna alama ya kuuliza, kwa sababu Baba alijua tangu awali kwamba Ismail alikuwa mtawala wa Misri. Meli hiyo iliondoka Kilindini Februari 1944 kuelekea Colombo, na tarehe 12 nyambizi ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldives. Walikufa karibu watu 1,300. Wengi walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wanawake 70 na ushee, wengi wao wauguzi. Baba hakuongeza neno. Alitaka tu nikumbuke kwamba vita vya huyo dresa wangu vilipita hapa pia.

Sasa Okinawa, kisiwa cha Japani. Wamarekani walitua huko 1 Aprili 1945. Kufikia Mei walikuwa wamekwama kusini mwa kisiwa, mbele ya ngome za Shuri, na mvua zilikuwa zimeanza. Tarehe 8 Mei Ujerumani ilikuwa imesalimu amri. Watu wakacheza ngoma barabarani London na New York. Okinawa habari hiyo ilisherehekewa saa sita mchana kwa kufyatua mizinga yote kwa pamoja, ya nchi kavu na ya melini, kuelekea kwa Wajapani. Kisha kila mtu akarudi kwenye shimo lake lenye maji. Siku mbili baadaye kombania aliyokuwamo Halyburton, ya Batalioni ya 2, Kikosi cha 5 cha Marine, ilikuwa inasukuma mashambulizi kupitia korongo moja.

Hati ya nishani yake imeandikwa kwa lugha ya kijeshi iliyopigwa pasi na kuvishwa mikanda, kila nomino ina kivumishi chake. Nimeivua hayo yote ili nimsomee Baba kilichobaki. Kundi la mbele lilikuwa limetoka upande wa pili wa korongo, likapanda kilima, likajikuta kwenye uwanja mtupu. Makombora ya mota, bunduki za rashasha na wadunguzi, vyote kwa wakati mmoja. Watu wakaanguka. Halyburton akakimbia, akavuka korongo, akapanda kilima, akaingia uwanjani. Akaendelea mbele mpaka kwa majeruhi aliyekuwa mbali kuliko wote. Akaanza kumhudumia. Yule majeruhi akapigwa risasi ya pili mikononi mwake. Hapo Halyburton akajiweka kati ya mgonjwa na risasi, akaendelea na kazi mpaka naye akapigwa na kuanguka.

Nilisoma mara ya kwanza nikiwa kazini, saa tisa usiku, kasualti ikiwa imetulia. Pale palipoandikwa kwamba alimwendea wa mbali kuliko wote niliacha kusoma nikaenda kunawa mikono, ingawa sikuwa nimeshika kitu.

Mimi nafundisha huduma ya kwanza. Mara moja kwa mwezi nakutana na vijana wa bodaboda, na kanuni ya kwanza naiandika kwa herufi kubwa: hakikisha wewe uko salama, usije ukawa majeruhi wa pili. Ni kanuni nzuri na inaokoa watu. Miaka sita iliyopita nilikuwa kwenye basi la usiku kutoka Nairobi, na kabla ya Mariakani tukakuta lori la mafuta limelala na gari dogo limejibana chini yake. Harufu ya petroli ilikuwa kali. Nilishuka na tochi ya simu. Wa kwanza alikuwa kando ya lami, mguu umevunjika, analia kwa nguvu, na anayelia kwa nguvu angalau anapumua. Nikakaa naye. Nilimfunga vizuri sana. Nilimfunga vizuri kupita kiasi, kama mtu anayetafuta sababu ya kutoinuka. Kule mbele, karibu na tangi, palikuwa na mwingine, nilimwona mkono, na yeye hakuwa analia. Walipofika wenye vifaa ilikuwa imepita zaidi ya nusu saa.

Hakuna aliyenilaumu. Nilitii kanuni, na kesho nitawafundisha wengine waitii. Hayo sijawahi kumwambia Baba.

Jambo jingine nililofanya ni la kipuuzi, lakini shajara ni yangu. Nilifunga mlango wa chumba, nikatandika mto mrefu sakafuni, nikajaribu. Ukimlalia mgonjwa unamkinga vyema, lakini mikono haifanyi kazi, umeibana mwenyewe. Ili umfunge bendeji sharti upige magoti, uinuke kiunoni, na kama unataka kuwa ukuta sharti mgongo wako uelekee kule risasi zinakotoka. Maana yake huoni kinachokuja. Unaona kidonda tu. Hati inasema alimkinga mgonjwa kwa mwili wake na akaendelea kutibu, yote mawili. Basi nadhani alipiga magoti, na kwamba kitu cha mwisho alichokiona ni kazi ya mikono yake. Afadhali hivyo, nikawaza, halafu nikajionea haya kwa kusema afadhali.

Na sitaki kuandika kana kwamba uwanja ule ulikuwa na upande mmoja. Kusini mwa kisiwa hichohicho, wiki hizohizo, wasichana wa shule 222 pamoja na walimu wao 18 walikuwa wakihudumia majeruhi wa Kijapani ndani ya mapango. Wanaitwa Himeyuri. Walibeba maji, wakamwaga ndoo za haja, wakashika miguu ya wanaokatwa miguu. Tarehe 18 Juni wakaambiwa kikosi kimevunjwa, kila mtu ajitegemee, yaani watoke pangoni waende kwenye risasi. Zaidi ya nusu ya kundi lile lilikufa, na wengi wao katika siku zilizofuata amri hiyo. Hao hawakupewa manowari. Huko Mabuni, kisiwani humohumo, tangu 1995, kuna kuta za mawe meusi zenye majina zaidi ya 240,000 ya waliokufa, Waokinawa, Wajapani, Wamarekani, wote. Baba angezipenda kuta hizo. Ni daftari lisilo na alama za kuuliza.

Halyburton alipewa Nishani ya Heshima baada ya kufa, ile iliyo juu ya nishani zote za kijeshi kwao. Katika vita vile vyote, wahudumu wa tiba wa jeshi la majini walioipata ni saba, na watatu kati yao ni kwa Okinawa. Amezikwa Honolulu, ndani ya kreta ya volkano iliyozima. Manowari yake ilianza kazi 1984 ikastaafu 2014. Katikati ya miaka hiyo 30, wiki moja ya Aprili, ilisimama nje ya bahari yetu kwa sababu ya nahodha mmoja ndani ya mashua.

Nilipomaliza, Baba aliuliza: "Na yule aliyekingwa, jina lake nani?"

"Hati haikumtaja."

"Haikumtaja kabisa?"

"Imesema tu majeruhi wa mbali."

Akalishika gazeti la jana, akalikunja. Mama Zuhura wa jirani alipita na ndoo, wakasalimiana, wakauliziana hali ya magoti. Nikadhani amesahau.

"Kwa nini akaanzia wa mbali?" akasema. "Wewe ndiye dresa. Nieleze."

Sikuwa na la kumweleza. Nilitazama chini kama mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani.

"Labda," akasema mwenyewe, "wa karibu walikuwa na wenzao. Wa mbali hakuwa na mtu."

Kisha akanipa kalamu. Nilifungua ukurasa wa 2009, nikakata "Halibatoni" kwa mstari mmoja, nikaandika jina sawasawa, herufi kubwa ili aweze kulipapasa kwa macho yake. Akaniamuru nifute alama ya kuuliza, nikaifuta. Akaniambia niandike kazi yake. Nikaandika dresa.

"Na umri."

Nikaandika 20.

"Miezi?"

Nikahesabu kwa vidole kutoka Agosti. Tisa.

"Weka na miezi," akasema Baba.