Rudia alichosema mwenzako

Mama mkwe amekuja na majani yake ya mpera. Wanaomjua wanajua: mtu akiumwa tumbo nyumbani kwetu, hakuna cha duka la dawa mpaka sufuria lake litokote kwanza. Safari hii mgonjwa ni binti yangu wa darasa la nne, na tangu asubuhi nyumba nzima inanuka mpera. Nimetoka nimekaa barazani. Mke wangu anadhani nakwepa zamu ya kumnywesha mtoto, na sijamkatalia.

Fimbo ya mpera ikikatwa mbichi hunuka hivyo hivyo, siku mbili tatu, kabla haijakauka. Ofisi yetu ya walimu kule Muheza ilikuwa na harufu hiyo mwaka mzima. Walioagizwa kuzileta ni wanafunzi wenyewe, tena walichagua zile nzuri, zilizonyooka, sijui kwa nini.

Basi, 2012, msimu wa machungwa. Tulikuwa tumetoka semina ya siku tatu pale Kituo cha Walimu, wawili wawili kutoka kila shule: nidhamu chanya na utatuzi wa migogoro kwa amani. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Siku ya kwanza akatuuliza nani anazijua Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002. Ukumbi umejaa walimu, hakuna mkono hata mmoja. Akachukua kalamu rashasha akaandika kwenye bango kitita: visizidi 4. Kwa kosa kubwa tu. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemkabidhi kazi hiyo kwa maandishi. Fimbo iwe nyepesi, inayopinda, na ipige mkononi au matakoni juu ya nguo. Kisha kila adhabu iandikwe kitabuni, na mkuu atie saini.

Hapo pa kitabu watu walicheka. Mzee mmoja wa shule ya milimani akasimama, akasema Wakenya walipiga marufuku viboko tangu 2001 na sasa wanachomewa mabweni. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Tukampigia makofi, na mimi nikiwemo. Mama akajibu taratibu kwamba mabweni ya Kenya yaliungua hata fimbo zilipokuwa halali. Huyo hakupigiwa makofi.

Lakini siku ya tatu alinipata. Alitufundisha njia ya chaki. Waliogombana wanakaa wakitazamana. Mwenye chaki ndiye msemaji, mwenzake anasikiliza. Akimaliza anakabidhi chaki, na aliyeipokea hajibu kwanza: anarudia alichosikia, mpaka mwenzake akubali kwamba ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema. Tuliifanyia mazoezi sisi wenyewe. Mimi na mwalimu mwenzangu tulisuluhisha ugomvi wetu wa zamani wa zamu ya Ijumaa, nikatoka pale nimeamini kabisa. Kwa posho niliyopewa nilinunua kaunta buku, nikaichora mistari kwa rula: tarehe, jina, kosa, idadi, aliyechapa, saini ya mkuu. Wiki nzima niliwachosha wenzangu kwa hadithi za semina.

Alhamisi, baada ya mapumziko, kiranja akaja mbio. Darasa la tano wamepigana nyuma ya vyoo. Mmoja nitamwita Mgeni, maana alihamia Januari ile, akikaa kwa bibi yake. Mwingine basi awe Mwenyeji. Mwenyeji mdomo umechanika kidogo. Mgeni hana hata mkwaruzo.

Nikawakalisha ofisini, kwa sababu chumba kingine hatukuwa nacho. Viti viwili, magoti yao karibu yagusane. Walimu watano sita walikuwa wanasahihisha madaftari pembeni. Nikamkabidhi Mwenyeji chaki nzima, mpya.

Akasema bila haraka, akiiviringisha vidoleni: "Alikuwa anajisifu mama yake anafanya kazi Dar, akija likizo atamletea raba. Mimi nikamwambia mama yake hayuko Dar. Ndipo akanipiga."

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mpe mwenzako chaki. Haya, wewe, usimjibu kwanza. Rudia tu alichosema mwenzako."

Mgeni alianza vizuri. "Amesema nilikuwa najisifu."

"Eeh."

"Amesema nasubiri raba."

"Eeh, endelea."

"Amesema mama..."

Akanyamaza. Nilikuwa na karatasi yangu ya semina mapajani, na karatasi ilisema: anayerudia akikwama, mpe muda. Nikampa muda. Nje mwalimu wa zamu alikuwa anamalizana na waliokwepa kumwagilia bustani, tunasikia fimbo ikishuka, kimya, inashuka tena. Nikamtazama Mgeni usoni kama tulivyofundishwa, kwa upole, bila kumharakisha. Yeye alikuwa anatazama mkono wake. Alikuwa ameifumba chaki kiganjani na anaisaga kwa kidole gumba, na unga mweupe ulikuwa unamwagikia kaptula yake ya bluu, kidogo kidogo, kama unga unaovuja kwenye kiroba.

"Amesema mama yako nini?" nikamsaidia. Nilidhani namsaidia.

"Mwalimu, naomba unichape tu."

"Hapa hatuchapani," nikasema, tena kwa fahari, nijisikie na mimi. "Hapa tunaongea."

"Nichape, mwalimu. Hata vinne."

Vinne! Sijui kikomo cha kanuni alikijulia wapi.

Mwalimu wa hisabati hakuinua hata kichwa. "Mwalimu, mtoto anadai haki yake. Mpe."

Ofisi ikaangua kicheko. Mwenyeji naye, na mdomo wake uliochanika, akacheka. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kiliniinua pale kitini, na kila nikirudi naona ni kile kicheko. Mgeni hakuwa ameniudhi. Walikuwa wanaicheka chaki yangu, semina yangu, wiki nzima ya kujishaua kwangu.

Fimbo zilikaa juu ya kabati. Nilipogeuka nayo, Mgeni alikwisha simama, mkono umenyooka, kiganja cheupe chote. Nilimchapa viwili. Cha kwanza vumbi la chaki liliruka likabaki linaelea kwenye mwanga wa dirisha, na mpera ukashika alama nyeupe pale ulipogusa. Cha pili hakikuwa na vumbi tena. Akasema "Asante, mwalimu," walivyozoeshwa, akatoka bila kufuta mkono. Alikuwa anatembea upesi, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Mwenyeji nilimrudisha darasani. Yeye hakuwa amepiga mtu.

Kisha nikakumbuka kitabu. Nikafungua kaunta buku mpya, ukurasa wa kwanza, nikajaza tarehe na jina. Nilipofika kwenye kosa kalamu ikasimama. Kupigana? Sikumchapa kwa kupigana. Kwa kupigana nilimwita aongee. Mwisho nikaandika: Amekataa kurudia. Idadi, 2. Aliyechapa, mimi. Mkuu alitia saini bila kusoma, huku anaongea na simu. Kibali chake cha maandishi cha kunikabidhi fimbo sikuwahi kuwa nacho, kwa hiyo kanuni moja niliitimiza kwa kuvunja nyingine.

Sikumuuliza mama yake yuko wapi. Siku ile kwa hasira, siku zilizofuata kwa aibu, na baadaye muda ukawa umepita. Wiki iliyofuata niliwaona wote wawili chini ya mwembe wanagawana chungwa, mmoja anamenya kwa meno, na mwalimu wa hisabati akanionyesha kwa kidevu: unaona? Viwili tu. Nikakosa la kumjibu. Desemba Mgeni akahama. Nilisikia amechukuliwa, lakini aliyemchukua sikumjua.

Nimeendelea na njia ya chaki, nisiseme uongo. Mara nyingi inafaa, hasa ugomvi wa kalamu na foleni ya maji. Ila huwatoa nje kwanza, chini ya mti, na sehemu ya kurudia siku nyingine huiruka, jambo ambalo yule mama mwezeshaji angenikemea. Kuna siku naona kosa langu lilikuwa fimbo. Kuna siku naona fimbo ilikuja imechelewa, kosa nilikwisha lifanya nilipomkalisha mtoto mbele ya ofisi nzima nikamngoja, kwa upole, aseme kwa kinywa chake kwamba mama yake hayuko Dar. Lakini hilo la pili linanipunguzia uzito wa lile la kwanza, ndiyo maana siliamini sana.

Nilipata uhamisho 2015. Nikisafisha droo nikakutana na kaunta buku. Nyuma, kwa mwandiko wa watu watatu tofauti, ilikuwa imejaa hesabu za upatu wa walimu: nani katoa, nani anadaiwa, nani anapokea mwezi wa saba. Nikaifungua mbele. Miaka mitatu, shule ya wanafunzi zaidi ya 600, fimbo mpya juu ya kabati kila wiki, na kwa mujibu wa kitabu mtoto aliyewahi kuchapwa pale ni mmoja.