Baada ya miaka tisa ya salsa, tango ilinirudisha darasa la kwanza

Nilicheza salsa miaka tisa na mtu mmoja. Tulianza tukiwa wachumba, tukaoana, tukaachana, na siku tulipoachana nilipoteza vitu viwili kwa mpigo: nyumba na ukumbi wa dansi. Nyumba nilipata nyingine. Ukumbini nilirudi baada ya miezi mitano, nikacheza na wanaume watatu usiku huohuo, na wote watatu niliwakanyaga.

Si kwamba nilikuwa nimesahau. Mwili wangu ulikuwa umezoea ishara za mkono mmoja tu. Mume wangu alipokuwa akinigusa mgongoni kwa ncha za vidole nilijua ni mzunguko wa kulia kabla hajainua mkono. Miaka yote hiyo niliamini ninafuata vizuri, na watu walinisifu kwa hilo, kumbe nilikuwa nimemkariri mtu.

Ushauri niliopewa na wachezaji wazoefu ulikuwa mmoja: tafuta mwenzi mwingine upesi, ustadi usije ukaota kutu. Niliufuata kwa wiki sita. Nilimpata kijana mpole, mwenye subira, nikamchosha kwa kumsahihisha. Mkono uweke hapa. Mbona hukunirudisha kwa kushoto? Nilikuwa nataka kumgeuza awe yule aliyeondoka, na yeye wa watu hakuwa na kosa lolote. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo. Mtu akishavunjika moyo, kumwambia ajaze pengo haraka ni kumtuma akamwumize na mwingine.

Nikaamua kuingia kwenye dansi nisiyoijua. Bachata niliijaribu miezi miwili. Ina hatua tatu, na pigo la nne unagusa sakafu huku nyonga ikipanda. Niliipenda, lakini ni jirani mno na salsa, kwa hiyo nikawa nacheza salsa yangu ileile ndani yake. Kizomba, ile iliyotoka Angola, niliionja mara chache tu. Tango ndiyo iliyonikataa, na kwa sababu ilinikataa nikabaki.

Mcheza salsa anayesoma hapa atanielewa. Salsa ina mapigo manane: unakanyaga 1, 2, 3, unavuta pumzi kwenye 4, unakanyaga 5, 6, 7, unavuta pumzi kwenye 8. Hesabu hiyo ni kama reli, hata mwenzako akiteleza wewe unajua mguu gani unafuata. Kwenye tango reli hakuna. Tango ni kutembea. Anayeongoza anaweza kupiga hatua moja, akasimama wakati muziki unaendelea, kisha akapiga hatua mbili za harakaharaka. Walimu wengine huanza na mfuatano wa hatua nane ili mgeni apate pa kujishikiza, lakini ukumbini hakuna anayeucheza kwa mpangilio ule. Anayefuata hurudi kinyumenyume muda mwingi, na akidhani anajua kinachokuja, tayari ameharibu.

Mimi nilidhani ninajua, kila hatua. Mwalimu alikuwa hata hajahamisha uzito, mguu wangu umeshafika nyuma. Siku ya tatu alichukua karatasi ya kawaida ya kuandikia, akaiweka katikati ya kifua changu na chake, akaniambia mikono yote nyuma. Tukatembea. Hatua ya pili karatasi ikaanguka. Tukaiokota, ikaanguka tena. Akanieleza kwamba ikianguka ujue umemtangulia mwenzako, ikikunjamana ujue mmesukumana. Mwisho wa somo ilikuwa imeanguka mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu na haikuwa na mkunjo hata mmoja. Nililia ndani ya gari, maana niliyaona maisha yangu ya ndoa kwenye ile karatasi: miaka tisa ninakimbilia mahali ambapo nilidhani mtu anaelekea.

Nikajaribu kujisaidia kwa video. Kwangu haikufaa. Mwalimu wa kwenye skrini anakutazama, kulia kwake ni kushoto kwako, na hata ukilitatua hilo bado unakariri picha. Kukariri ndiyo ilikuwa ugonjwa wangu.

Dawa niliipata kwa dada yangu mkubwa, ambaye hachezi chochote, wala hajawahi kutamani. Nilimwomba kitu kimoja: tuweke karatasi katikati, wewe utembee mbele unavyotaka kwenye korido, mimi nirudi nyuma. Nguvu ya mbinu hii ni kwamba dada hajui hatua. Mwalimu, hata akijaribu kunificha, ana mazoea, na mimi ni hodari wa kunusa mazoea. Dada hana. Alikuwa anatembea hatua tatu, anakumbuka jambo, anasimama. Simu ikilia anaipokea papo hapo, tumegandana kifua kwa kifua na karatasi, nami nasubiri amalize. Anaanza tena kwa mguu usioutegemea. Jioni ya kwanza karatasi ilipoanguka kwa mara ya tano alinishika mabega akaniambia, "Mdogo wangu, unakimbilia wapi? Mimi mwenyewe bado sijaamua."

Tulifanya hivyo kama robo saa kila jioni, karibu miezi miwili. Nilijifunza kusimama na uzito wote juu ya mguu mmoja, goti limelegea kidogo, mguu mwingine uko huru kabisa, nisijue unakwenda wapi. Mwanzoni paja lilikuwa linatetemeka. Kisha jioni moja tukafika mwisho wa korido, tukageuka, tukarudi, na karatasi iko palepale. Dada hakugundua. Mimi niligundua.

Kuhusu viatu, usikimbilie kununua vya tango mwezi wa kwanza, ni ghali na hujui kama utabaki. Ila usicheze na soli ya raba inayong'ang'ania sakafu, maana mwili unageuka, mguu unabaki, na goti ndilo linalolipa. Mimi nilivuta soksi kuukuu juu ya viatu vya mazoezi, zikafunika sehemu ya mbele tu, kisigino nikakiacha wazi kinishike. Nilicheza hivyo mpaka soksi zikatoboka.

Kitu ambacho hakuna aliyenitayarisha nacho ni mwaliko. Kwenye kumbi nyingi zinazofuata desturi za tango huombwi kwa kushikwa mkono. Mnatazamana kwa mbali, mmoja anatikisa kichwa kidogo, mwingine anakubali kwa kichwa au anageuza macho. Nyimbo hupigwa kwa mafungu ya tatu au nne, kisha kinapigwa kipande kifupi cha muziki mwingine na kila mtu anarudi kwenye kiti chake. Kwangu mimi, niliyetoka kwenye talaka, kuweza kusema hapana kwa macho tu, bila kumwaibisha mtu na bila kujieleza, kulinipa utulivu ambao salsa haikuwahi kunipa. Jioni tatu za kwanza nilisema hapana kwa wote. Ya nne nikatikisa kichwa kukubali.

Tango ilizaliwa pande mbili za mto Río de la Plata, Buenos Aires ya Argentina na Montevideo ya Uruguay, kwa watu waliokuwa na kwao kwingine, wahamiaji kutoka Ulaya na wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani, pamoja na wenyeji wa maeneo yale. Mwaka 2009 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Mwalimu alipotusimulia hayo nilielewa kwa nini kumbatio la tango halina haraka. Ni la watu waliopoteza mengi.

Mwezi wangu wa saba wa tango nilianza kujifunza kuongoza. Nilianzia koridoni na dada, safari hii yeye akirudi nyuma. Hapo ndipo nilipojua mzigo aliokuwa nao mume wangu nilipokuwa namtangulia: unataka kusimama, mwenzako ameshaondoka, unalazimika kumfuata ili muonekane mko pamoja. Nilimwandikia ujumbe mfupi nikamwambia hivyo. Alijibu kwa neno moja, asante, na sikuhitaji zaidi.

Salsa nimerudi tena, tangu mwezi uliopita. Mwanamume nisiyemjua alinishika mkono, tukaanza, na kwenye 3 nikahisi vidole mgongoni. Ishara ileile. Mwili wote ulitaka kugeuka kulia. Nikabaki juu ya mguu mmoja, nikasubiri. Hakuwa anataka mzunguko hata kidogo. Alikuwa ananisogeza tuwapishe wengine waliokuwa wanatujia. Tukapita, na 5 ilipofika mguu wangu ulikuwa huru.

Nilimsimulia dada usiku huohuo. Akaniuliza kama karatasi bado ninayo. Ninayo, nimeikunja mara nne, iko ndani ya mfuko wa viatu.