Tulivyochapa vitabu viwili kwa ajili ya makumbusho yetu

Kandili ile ilikaa kabatini miaka mitatu na kikaratasi chenye maneno matatu: "Kandili ya mafuta." Wageni waliipita tu. Siku moja bibi aliyetuletea kandili hiyo alikuja kuitazama, akasimama mbele ya kioo, akaanza kuighania. Shairi zima alikuwa nalo moyoni, hajaliandika popote. Nilimwomba arudie, nikalinukuu nyuma ya bahasha. Ubeti wa kwanza ni huu:

Kandili yangu ya zama, mafuta yamekauka,
Ulimulika kwa mama, usiku wa kuzalika,
Leo kabatini wima, watu wakikuzunguka,
Mwanga haujatuhama, utambi ujapochoka.

Wakati huo tulikuwa tumeshaanza kukusanya historia ya eneo letu ili tuchape kitabu cha kuuza, kiichangie makumbusho fedha. Mashairi nilikuwa nimeyapangia kurasa chache za mwisho, kama nyongeza. Jioni ile niliona kwamba vitabu vitakuwa viwili.

Kamati haikukataa, ila mzee mmoja aliuliza swali la haki: makumbusho ni ya watu wote, iweje tuwauzie watu habari zao wenyewe? Tulilijadili vikao viwili. Kilichonisaidia ni maana ya makumbusho ambayo Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, liliipitisha mjini Prague tarehe 24 Agosti 2022. Inasema makumbusho hayatafuti faida, na inataja ushiriki wa jamii katika kazi zake. Kutotafuta faida hakukatazi kuuza kitu. Kunakataza mapato yasiingie mfukoni mwa mtu. Basi tukakubaliana kwamba kila aliyetoa simulizi, picha au shairi atapata nakala yake bure, kwamba nakala za kusoma zitakaa mezani chumbani mwa maonyesho kwa yeyote asiyeweza kununua, na kwamba fedha za vitabu zitakuwa na daftari lake, lisichanganywe na la michango. Mzee aliridhika. Yeye ndiye aliyekuwa msimulizi wetu wa kwanza.

Historia ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Watu hawakumbuki kwa mwaka, wanakumbuka kwa tukio. Mmoja anasema, "Ilikuwa kabla ya daraja." Mwingine, "Nilikuwa nimeshaolewa." Mwanzoni nilijitahidi kugeuza kila kauli iwe tarehe, mpaka nikagundua nimeandika miaka ambayo hakuna aliyenitajia. Nilifuta. Nikachora mstari mrefu kwenye karatasi ya kufungia, nikaweka juu yake matukio yenye ushahidi wa maandishi tu: hati, cheti, mhuri wa posta, gazeti. Kisha kila simulizi nikaipachika kati ya tukio na tukio. Kitabu kinaposema "baada ya daraja, kabla ya shule", kinaishia hapo hapo. Simulizi mbili zilipogongana tulizichapa zote mbili, kila moja na jina la msimulizi wake.

Kama kuna kazi moja ningependa kila kikundi cha makumbusho kiifanye kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, ni ya meza. Tulitoa rasimu nzima kwa upande mmoja wa karatasi, mistari imeachana, pambizo la kulia pana kama kiganja, tukaiweka katikati ya chumba pamoja na kalamu za risasi. Kalamu za wino hatuziruhusu karibu na vielelezo, maana doa lake halitoki, na sheria hiyo ilitufaa kwa namna nyingine: watu wanaogopa kusahihisha kitabu kwa wino, lakini kwa risasi wanathubutu. Wasiosoma tuliwasomea kwa sauti. Mama mmoja alisikia jina la marehemu baba yake likitamkwa sivyo, akanyoosha mkono, na kwa herufi ile moja tukapata ukoo mzima ambao tulikuwa tumeuandika kama watu wawili tofauti. Kijana mmoja aliomba tuondoe habari ya ugomvi wa mipaka uliomhusu mjomba wake. Hilo lilikuwa gumu. Tuliliondoa jina, tukaliacha tukio, naye akakubali. Rasimu ilikaa mezani miezi miwili na ilirudi kwangu imejaa.

Kila kielelezo chetu kina nambari ya usajili: mwaka kilipoingia, kisha zamu ya mapokezi, kisha kitu chenyewe. Nambari hiyo hiyo tuliichapa kando ya aya inayokihusu, hivyo msomaji anaweza kutoka kwenye ukurasa akaenda moja kwa moja hadi kabatini.

Kwenye mashairi kosa lilikuwa langu. Nilipokuwa nikichapa kwenye kompyuta "nilisafisha" lugha: ya zama nikaiandika ya zamani, kuzalika nikaifanya kuzaliwa. Niliona ninamsaidia Bibi. Nilipomsomea alininyamazia kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, umenivunjia nyumba." Nikahesabu kwa vidole. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza, wa mshororo wa kwanza ulikuwa na mizani (silabi) 8, sasa una 9, na kina cha kati, ile silabi ya kufanana, kimetoka ma kimekuwa ni. Katika mshororo wa pili mizani imebaki 8, lakini kina cha mwisho kimegeuka wa wakati wenzake wote ni ka. Maneno mawili tu, na ubeti wote ukachechemea. Tangu siku hiyo hatukugusa neno ndani ya shairi la mtu bila yeye kuwapo. Msamiati wa zamani tuliufafanua chini, kwenye sherehe (maelezo ya maneno magumu), na mizani ya kila mshororo ilihesabiwa na watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akigonga meza.

Picha nazo zilinifunza. Nyingi tulizoletewa ni ndogo kuliko kadi. Uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa kila inchi katika ukubwa wa mwisho, kwa hiyo picha yenye upana wa sentimita 5 itakayochapwa kwa sentimita 10 sharti ipitishwe kwenye skana kwa nukta 600. Za mwanzo nilizipitisha zote kwa 300, ikabidi nizunguke kuwaomba wenyewe tena. Suala la ruhusa ni zito zaidi. Mwenye karatasi ya picha si lazima awe mwenye haki ya picha. Kwa kawaida haki huanza kwa aliyepiga. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ulioanza mwaka 1886, unaweka kima cha chini cha ulinzi wa kazi za maandishi kuwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na kwa picha ni miaka 25 tangu zitengenezwe. Sheria za nchi nyingi zinazidi hapo. Kwa washairi tuliandika fomu ya ukurasa mmoja: wanaturuhusu kuchapa, shairi linabaki lao. Ilisomwa kwa sauti kabla ya mtu kutia sahihi.

Uchapaji wenyewe ulikuwa rahisi. Tulichagua ukubwa wa A5, milimita 148 kwa 210. Kila kitabu kilihitaji nambari yake ya ISBN, yaani nambari ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007, na toleo la kielektroniki tukilitoa litahitaji nyingine. Tulichapa nakala 200 za kila kimoja kwa mashine ya kidijitali. Mashine ya ofseti hutengenezewa sahani kwanza, yaani bamba lenye sura ya kurasa, na gharama ya sahani ni ile ile uchape nakala 50 au 5,000, kwa hiyo inawafaa wenye oda kubwa. Historia ilibanwa kwa gundi. Mashairi yalikuwa membamba, yakapigwa pini katikati, na kitabu cha pini kurasa zake lazima zigawanyike kwa 4. Yetu yalifika 66. Badala ya kupunguza kurasa, tuliongeza kurasa mbili mwishoni, tupu, zenye mistari, na juu tukaandika: "Jibu hapa."

Dai nakala ya majaribio kabla ya kuruhusu zote zichapwe. Kwenye yetu picha ya kandili ilitoka nyeusi tii, maana karatasi isiyo na mng'aro hunywa wino na nukta hutanuka. Tuliipunguza giza, tukachapa.

Mapato yalikuja polepole. Mashairi yaliuzika haraka kuliko historia, na bado yanaongoza. Fedha za kwanza zilirudisha gharama, nyingine tukazitenga kwa toleo lijalo, zilizobaki zikanunua masanduku na bahasha zisizo na asidi za kuhifadhia picha. Si nyingi. Lakini nilikuwa nimeviandika vitabu ili vilete fedha, navyo vikaanza kuleta vitu: barua, daftari la mahudhurio, ufunguo wa nyumba isiyokuwapo tena.

Mwezi uliopita alikuja mwanamume mmoja na kitabu cha mashairi, zile kurasa mbili za mwisho zimejaa maandishi ya risasi. Alikuwa amelijibu shairi la kandili. Ndani ya kitabu alikuwa ametia picha ya bibi yake amesimama mlangoni, na juu ya bega lake kandili imetundikwa. Tulimwita Bibi wa kandili aje aione. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Lakini mlango huo si wetu. Tuliiazima kwao usiku ule, na mwenyewe hakutaka tuirudishe."

Kikaratasi cha kabatini tumekiandika upya, na sasa kina majina ya nyumba mbili. Shairi la majibu litaingia katika toleo la pili. Nimehesabu mizani, ni 16 kila mshororo, na sijabadilisha hata herufi.