Ghala la draiva za NVIDIA kwa studio za Mwanza: kumbukumbu ya mradi

Septemba 2025

Kompyuta nyingi zinazohariri video za harusi na za kwaya hapa Mwanza ni za mezani, zilizotumika kwanza katika maofisi ya Ulaya kabla ya kuletwa huku kama mtumba, na sehemu kubwa yake zina kadi za michoro za kampuni ya NVIDIA, za familia ya Quadro. Kadi hizi hazina bei kubwa, hazili umeme mwingi na zinatosha kabisa kwa Kdenlive, programu ya kuhariri video. Shida yake ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuitumia kadi. NVIDIA hutoa draiva yake ya Linux bila msimbo chanzo wa sehemu yake kubwa, na kila baada ya miaka kadhaa huacha kuhudumia kizazi kizima cha kadi kwa mkupuo. Mwenye studio anayetaka kutumia NVENC, yaani kile kipande cha ndani ya kadi kinachobana video bila kuichosha prosesa, hana namna ya kuikwepa draiva hiyo, kwa kuwa nouveau, draiva huria iliyoandikwa na watu wa kujitolea na kuingizwa katika kerneli, yaani kiini, ya Linux toleo la 2.6.33 mwaka 2010, haina uwezo huo.

Kazi niliyojipa ni kujenga ghala dogo la vifurushi litakalokaa katika karakana yetu ya Kirumba, lihudumie mashine zinazoletwa pale kwa waya wa mtandao wa ndani, na liweze kunakiliwa kwenye flashi kwa ajili ya Ukerewe na Sengerema, ili mtu asilazimike kununua bando la kupakua mamia ya megabaiti kwa kila kompyuta. Mfumo niliouchagua ni Debian 12, mojawapo ya mifumo ya Linux. Debian 13 ilikwisha kutoka mwezi uliopita, lakini draiva yake ni ya tawi la 550, yaani mfululizo wa matoleo yanayoanza na namba hiyo, na kadi za kizazi cha Kepler ziliachwa tangu tawi la 495. Tawi la mwisho linalozitambua ni 470, na Debian 12 bado inalo katika kifurushi kiitwacho nvidia-tesla-470-driver.

Kabla ya yote ilibidi kujua ni kadi gani hasa zinazozunguka mjini, na hapa majina yanapotosha vibaya. Kwa vizazi, Quadro 2000 ni Fermi, Quadro K2000 ni Kepler, na Quadro K2200 ni Maxwell. Kadi tatu zinazofanana majina kiasi kwamba muuzaji wa Makoroboi huzipanga rafu moja kwa bei moja, ilhali kila moja inataka draiva ya tawi lake. Mwenye studio mmoja alipoambiwa kwamba kadi yake haitapata draiva ambayo jirani yake ameipata, aliuliza, «Kaka, kwani hizi zote si Quadro elfu mbili?» Jibu halipatikani kwenye kibandiko. Linapatikana kwa amri ya lspci -nn, ambayo huonyesha namba ya mtengenezaji, 10de kwa NVIDIA, ikifuatwa na namba ya kadi yenyewe: 0dd8 ni Quadro 2000, 0ffe ni K2000, 13ba ni K2200. Debian ina programu ndogo iitwayo nvidia-detect inayosoma namba hizo na kutaja kifurushi kinachofaa, nayo haihitaji intaneti. Nimeiweka iwe ya kwanza kuendeshwa kwenye kila mashine, kabla mtu hajagusa kitu kingine.

Uamuzi wa kwanza ulitokana na uchunguzi huo. Kadi za Fermi zimeachwa nje ya ghala. Tawi lake la 390 lilifikia mwisho wa huduma mwaka 2022, halimo katika Debian 12, na hata lingekuwamo, Fermi haina NVENC, kwa kuwa kipande hicho kilianza na Kepler mwaka 2012. Mwenye Fermi atumie nouveau, akubali kwamba kadi yake haitakimbia kwa kasi yake yote, na akipata fedha abadili kadi. Kuna mafundi wanaolazimisha 390 kwenye kerneli mpya kwa viraka vya kuokoteza mtandaoni. Siwalaumu, ila sitasambaza kitu ambacho sitaweza kukitengeneza kikiharibika.

Oktoba

Mwezi huu umekwenda kwenye leseni kuliko kwenye programu, na sioni kama ni muda uliopotea. Leseni ya NVIDIA kwa draiva za Linux na FreeBSD inaruhusu kunakili na kusambaza upya, kwa sharti kwamba faili zake za baineri zisibadilishwe kwa namna yoyote isipokuwa kufunguliwa pale zilipokuwa zimebanwa. Ni kama kubeba mzigo wa mtu uliopigwa lakiri: unaufikisha, unaandika nje unakokwenda, lakini ndani huingizi mkono. Kwa hiyo kazi yote ya msambazaji hufanyika pembeni mwa faili hizo, katika maandiko ya kusakinisha, katika mpangilio wa utegemezi kati ya vifurushi, na katika kuhakikisha kwamba kerneli iliyopo inapatana na draiva iliyoletwa.

Ruhusa hiyo ndiyo inayoiwezesha Debian kuiweka draiva katika sehemu ya non-free, ambayo kwa utaratibu wao si sehemu rasmi ya mfumo. Kura ya watunzaji wa Debian ya mwaka 2022 ilizaa sehemu nyingine, non-free-firmware, iliyoanza na Debian 12 mwezi Juni 2023, ili kisakinishi kije na famuweya, yaani programu ndogo za ndani ya vifaa. Draiva ya NVIDIA haikuhamia huko, na mtu anayedhani ataikuta imeshasakinishwa atashangaa. Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, huiweka katika sehemu yake ya restricted. Fedora, mfumo mwingine tena, hawaiweki kabisa katika ghala lao, na watumiaji wao huifuata RPM Fusion, ghala la nje.

Jambo gumu zaidi liko upande wa kerneli. Kerneli ya Linux ina leseni ya GPL toleo la 2, inayotaka msimbo chanzo utolewe pamoja na programu, na moduli ya NVIDIA, yaani sehemu ya draiva inayoingia ndani ya kerneli, ina vipande viwili: tabaka jembamba lenye msimbo unaosomeka, linalozungumza na kerneli, na donge kubwa la baineri lisilosomeka. Kuviunganisha viwili hivyo kuwa moduli moja kisha kuigawa ikiwa tayari ni jambo ambalo watu wa sheria na wa kerneli wamelibishania kwa miaka mingi. Debian hulikwepa kwa kutumia DKMS, mfumo wa kujenga moduli ulioanzia kampuni ya Dell mwaka 2003: kinachosambazwa ni viungo, na upishi hufanyika katika kompyuta ya mtumiaji mwenyewe. Ubuntu walitafuta ujanja mwingine ninaoupenda zaidi kiufundi, ambapo vipande vya moduli na saini yake vinafika kila kimoja peke yake, vinaunganishwa kwenye mashine ya mtumiaji, na matokeo yake yanalingana na saini iliyotangulia kutayarishwa.

Nilishauriwa na rafiki mwenye uzoefu kwamba nijenge moduli mara moja hapa karakana, kwa kuwa mashine zote zina kerneli ileile ya 6.1, kisha nizigawe zikiwa tayari. Kwa mashine zenye prosesa dhaifu hoja yake ina nguvu, maana ujenzi huchukua muda na kila mashine inabidi ibebe zana za ujenzi gcc na make pamoja na faili za vichwa vya kerneli. Hata hivyo nimeshika njia ya Debian. Ghala hili linaweza kukua na kufika mikononi mwa watu nisiowajua, na sitaki liwe na kitu ambacho uhalali wake unahitaji wakili kuueleza.

Katikati ya mwezi nilianza kujenga ghala lenyewe kwa aptly. Programu hii huweza kuchukua sehemu tu ya ghala la Debian kwa kichujio, pamoja na kila kifurushi ambacho vile vilivyochaguliwa vinakitegemea, ikapiga picha ya hali hiyo na kuichapisha upya kwa saini yako ya kidijitali ya GPG. Nimechukua draiva ya 470 kwa ajili ya Kepler, tawi la 535 kwa ajili ya Maxwell na Pascal (kizazi kinachoifuata Maxwell), DKMS, zana za ujenzi, na kerneli pamoja na vichwa vyake. Picha hiyo iliyoganda ndiyo faida kubwa kuliko zote, na sababu yake ilionekana na kila mtu Februari 2024, Debian 12.5 ilipotoka na kerneli ya 6.1.76.

Sasisho lile lilikuwa dogo kwa jina. Ndani yake palikuwa na badiliko katika kifaa cha ndani cha kerneli kiitwacho pfn_valid, ambacho moduli ya NVIDIA hukitumia, na badiliko hilo likakifanya kiite __rcu_read_lock, jina ambalo kerneli huliruhusu kwa moduli zenye leseni ya GPL peke yake. Ujenzi wa DKMS ukakwama kwa ujumbe kwamba moduli isiyopatana na GPL inatumia jina lililotengwa kwa GPL, na watu waliosasisha mashine zao usiku wakaamka asubuhi bila skrini ya kawaida. Hakuna aliyekusudia kuivunja draiva. Kerneli haiahidi kuwa vifaa vyake vya ndani vitabaki vilevile, na anayekaa nje ya msimbo wake huishi kwa hisani. Ndiyo maana katika ghala langu kerneli na draiva husogea pamoja: hakuna kerneli mpya inayochapishwa kabla mashine moja ya Kepler na moja ya Maxwell hazijaijengea moduli na kuwaka.

Novemba

Mashine za studio zimeanza kupokea vifurushi. Ugonjwa uliojitokeza zaidi ni wa wale waliokwisha kusakinisha draiva kwa faili ya .run, kisakinishi cha NVIDIA wenyewe, iliyopakuliwa moja kwa moja, kisha vifurushi vikaja juu yake. Faili ya .run huandika maktaba zake bila apt, programu ya Debian inayosimamia vifurushi, kujua, hivyo moduli inakuwa ya toleo moja na maktaba ni za toleo jingine, na nvidia-smi, amri ya kuangalia hali ya kadi, hujibu kwa mstari mmoja tu: «Failed to initialize NVML: Driver/library version mismatch». Draiva hii haivumilii tofauti hata ya tarakimu ya mwisho kati ya pande hizo mbili. Dawa ni kuendesha nvidia-uninstall kwanza, kuwasha upya, kisha kusakinisha vifurushi. Nimeandika ukaguzi mfupi unaotafuta mabaki ya .run na kukataa kuendelea mpaka yaondolewe, na ukaguzi huo umepunguza simu za usiku kuliko kitu kingine chochote.

Umeme nao una mambo yake. Ukikatika wakati DKMS inajenga moduli, dkms status hubaki ikionyesha «added» pale ilipopaswa kuonyesha «installed», na mashine ikiwaka haina draiva yoyote, kwa sababu nouveau imekwisha kuzuiwa. Tiba ni kuingia kwenye skrini ya maandishi na kuendesha dkms autoinstall. Kinga ni kuacha kerneli iliyotangulia isiondolewe, ili ichaguliwe katika GRUB, menyu ya kuwashia mashine, na kazi ya mteja iendelee.

Secure Boot, kinga inayozuia kompyuta kuwaka na programu isiyo na saini, imehitaji uamuzi wa kiusalama. Kompyuta hizi za maofisini mara nyingi huja ikiwa imewashwa, na kerneli hukataa moduli isiyo na saini inayotambulika. DKMS ya Debian 12 hutengeneza ufunguo wake yenyewe na kuitia saini moduli. Kinachobaki ni kuusajili kwa mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub, kuweka nywila ya muda, na kuwasha upya. Hapo hutokea skrini ya bluu inayokupa sekunde kumi tu za kubonyeza kitufe, na anayeipuuza huanza upya. Fundi mmoja alipendekeza tutumie ufunguo mmoja kwa mashine zote, ukae kwenye flashi. Nimekataa. Mwenye nusu ya siri ya ufunguo huo anaweza kuingiza chochote ndani ya kerneli ya kila kompyuta iliyousajili, na flashi za Mwanza huzunguka mikono mingi, kutoka stendi ya Nyegezi hadi Mwaloni. Kila mashine ina ufunguo wake.

Desemba, hali ilivyo

Toleo la flashi limekamilika na linasomwa na apt kama ghala la kawaida, kwa mstari wa file: na ufunguo wangu wa GPG uliowekwa katika /etc/apt/keyrings. Limekwenda Sengerema kwa daraja jipya la Kigongo–Busisi na limefanya kazi. Nansio kule Ukerewe bado, kwa sababu mwalimu anayesimamia maabara ya shule kule amenitumia orodha ya lspci na kadi zake nyingi ni 0dd8, yaani Quadro 2000. Nimemwandikia: «Mwalimu, hizo ziache na nouveau, kwa masomo ya wanafunzi hazitakupungukia kitu.» K2000 chache alizonazo ndizo zitakazopata 470.

Kuna jambo ambalo kila mwenye Kepler ninamwambia kabla ya kumsakinishia. Toleo la 470.256.02 la mwaka 2024 ndilo la mwisho kutolewa, na kasoro ya usalama itakayogunduliwa ndani yake haitazibwa, kwa kuwa hakuna nje ya NVIDIA mwenye msimbo wa kuiziba, hata kama Debian 12 yenyewe itaendelea kupata huduma ya LTS, yaani ya muda mrefu, hadi Juni 2028. Kompyuta inayohariri video peke yake inaweza kuishi na hali hiyo. Kompyuta inayotumika pia kwa miamala ya benki, mimi nisingeiwekea. Wenye Maxwell na Pascal nao wapige hesabu mapema, maana NVIDIA wamekwisha kutangaza kwamba tawi la 580 ndilo la mwisho kwao; moduli za kerneli zenye msimbo huria, walizoanza kuzitoa Mei 2022, zinaanzia kizazi cha Turing, kilichokuja baada ya Pascal, na kadi za Turing bado ni adimu katika rafu za Makoroboi.

Kinachofuata ni kuongeza tawi la 580 katika ghala la pili la majaribio, lenye Debian 13, kwa ajili ya studio mbili zenye Pascal zilizoomba kuhama. Ghala la Debian 12 litabaki lilivyo, na picha yake inayofuata itachapishwa baada ya kerneli mpya ya 6.1 kupita kwenye mashine mbili za majaribio.