Nusu Bati Pia Inapokelewa

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imetoka 2 Wakorintho 8 na 9, pale Paulo anachangisha pesa za watakatifu wa Yerusalemu, na nawaambia ukweli sura hizo zimenichoma.

Mnakumbuka tukimchangia yule mama ambaye upepo uling'oa paa lake, mimi ndo niliandika hapa "tuko watu 60, waliotoa ni 7, ni aibu kwa watu wa Mungu". Kilichofuata ni kimya, siku mbili hakuingia hata shilingi hamsini na watu wawili wakatoka kwa grupu. Alafu dada mmoja akaandika tu, bati moja ni mia tisa, zinatakikana 14, mimi nimechukua moja, mama analala jikoni na wajukuu watatu kwa sababu hapo ndo pamebaki pakavu. Hakutuma picha ya mama akilia wala hakumsema mtu. Kufika saa nne usiku bati zilikuwa zimepita 14, na kuna kijana aliandika "mi naweza nusu bati" tukampokea vile vile. Ni kama ile Kenyans for Kenya ya 2011, wakati wa njaa ya Turkana, mtu alituma hata shilingi 10 kwa M-Pesa na ikahesabiwa.

Kuna watafiti Marekani walichapisha kazi yao 2007, watu walikuwa na dola 5 mkononi, waliosoma habari ya msichana mmoja wa Mali wa miaka 7, Rokia, walitoa wastani wa dola 2.38, na waliosoma takwimu za mamilioni wenye njaa wakatoa 1.14 tu. Mi nikakumbuka Bwana Yesu alivyoulizwa jirani yangu ni nani, hakutaja idadi ya walioibiwa barabara ya Yeriko, alisimulia mtu mmoja, na majeraha yake, na mafuta na divai, mpaka dinari mbili za mwenye nyumba ya wageni.

Na Paulo anasema wazi haamrishi mtu. Anawasimulia tu Wamakedonia, maskini kabisa, waliotoa kupita uwezo wao na tena ndo walioomba wapewe hiyo nafasi. Alafu pesa hakubeba peke yake, alituma Tito na ndugu wengine mtu asipate la kusema. Hapo huwa tunaparuka na kwangu ndo panaua michango mingi, mtu akitoa leo asisikie tena ilifika wapi, mwezi ujao utamwambia nini?

Mniwie radhi kwa yale maneno ya aibu, sitayarudia.

Jumapili hii kuna kijana wa jirani zetu, form one, amerudishwa nyumbani juu ya fees, sanduku bado liko mlangoni halijafunguliwa, balansi ni 6,400. Mimi nimeanza na 500. Risiti ya shule nitaiweka hapa Jumatatu jioni.