Jina halishiki zege: siku yangu na raba za kikapu Mbeya

Saa 11:30 alfajiri

Juni ya Mbeya haina utani. Nimevaa koti juu ya koti, nangoja gunia langu lishushwe kwenye basi la Dar. Utingo anauliza kama ndani kuna viazi. Namwambia ndani kuna LeBron, Curry na Giannis, anacheka, anadhani nimeshaanza kunywa mapema.

Nauza raba za mtumba soko la Sido, Mwanjelwa. Wateja wangu wengi wanacheza kikapu: wanafunzi wa sekondari, vijana wa vyuo, na watu wazima wachache wenye kitambi na historia. Wote wanataka raba zenye jina la staa wa kikapu, kama hao watatu niliomtajia utingo. Kazi niliyojipa ni kujua, kabla hawajatoa hela, kama raba hiyo itacheza kwenye viwanja vyetu. Raba hizi zimebuniwa kwa sakafu ya mbao inayofutwa kila mara. Sisi tunacheza kwenye zege, na Juni mpaka Oktoba zege hilo limefunikwa vumbi.

Saa 12:30 asubuhi

Nafungua gunia kibandani, mlango nusu. Saa hizi sibonyezi soli yoyote. Baridi hukakamaza sponji ya EVA, ndiyo iliyo ndani ya raba nyingi, kwa hiyo ukibonyeza alfajiri utadhani kila kiatu kimekufa. Zile za Adidas zenye Boost, vipunje vya plastiki laini ya TPU vilivyogandamizwa pamoja, ndizo zinazovumilia baridi kidogo. Nyingine zote nazisubirisha jua.

Alfajiri natumia macho. Kwanza lebo ndogo chini ya ulimi wa kiatu. Kwenye raba nyingi za Nike kuna namba ya saizi na tarehe mbili za utengenezaji. Wateja hawazisomi kabisa, nami nazisoma kuliko kitu kingine chochote. Raba iliyokaa stoo miaka kumi bila kuvaliwa inapendeza, lakini gundi yake imekauka, na kama sponji yake ni polyurethane, unyevu wa hewa umekuwa ukiivunja taratibu kutoka ndani. Leo nimekuta retro moja nyeupe ya namna hiyo, yaani raba ya muundo wa zamani iliyotolewa upya. Juu imekaa kama ya dukani. Nikapitisha kidole gumba pembeni ya soli, ukabaki mkononi unga wa njano. Hiyo imeenda pembeni, nitaiuza kwa mtu wa kupiga picha, na nitamwambia ni ya kupiga picha.

Saa 3 asubuhi

Jua limepanda, sasa nabonyeza. Mzigo wa leo una pea nne za maana:

LeBron 15, ya mwaka 2017. Juu imefumwa kama soksi nene, chini ina mifuko mikubwa ya hewa.

Kyrie 3, nyembamba, soli yake ya mpira inapanda pembeni ya kiatu ili mtu akilala kwenye kona bado awe anakanyaga mpira.

Zoom Freak 1, kiatu cha kwanza cha Giannis, 2019. Mifuko miwili ya hewa imepandana kisiginoni, mbele hakuna kitu ila sponji.

Curry Flow 8, iliyotoka Desemba 2020. Ukiigeuza unashangaa: chini hamna soli ya mpira. Sponji yenyewe ndiyo inayogusa sakafu.

Nageuza kila moja na kuipiga mswaki wa maji. Natafuta pale chini ya kidole gumba, ndipo mchezaji anapogeukia. Mistari ya zigizaga ikiwa imelainika hapo, hata kama sehemu nyingine zote ni mpya, raba imeshatumika sana. Natafuta pia herufi XDR kwenye soli. Hizo ni za mpira mgumu uliokusudiwa viwanja vya nje, na pea yenye herufi hizo huwa siianiki mbele, naiweka chini ya meza kwa mtu anayecheza kweli. Leo hakuna hata moja.

Saa 4:15

Mama mmoja kaja na kijana wake wa kidato cha tatu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Huyu mwenzio hajalala, anataka hicho kiatu cha Lebroni.”

Namuuliza kijana anacheza nafasi gani. Pointi gadi, yule anayepanga mchezo. Namtazama: mrefu kiasi, mwembamba, miguu ya kukimbia.

Hapa huwa nasema jambo ambalo linanipunguzia mauzo ya siku na kuniongezea wateja wa mwaka. Raba ya staa hubuniwa kwa kuangalia mwili na uchezaji wa staa huyo. LeBron ameandikwa mita 2.06 na kilo 113, anaruka na kutua kwa uzito wote huo, kwa hiyo chini yake kunawekwa hewa ya kutosha kumbeba. Kyrie Irving ni mita 1.88, kazi yake ni kukata kona ghafla, kwa hiyo kiatu chake kinamweka karibu na ardhi. Mtoto mwepesi akivaa cha kwanza, ile mifuko ya hewa haibonyei vya kutosha. Anakuwa amesimama juu ya kitu kirefu kinachomyumbisha, na akikata kona ndipo enka inapoteguka.

“Kilo mia na kumi na tatu?” Mama kamgeukia mwanawe. “Wewe hata hamsini sijui kama zinafika.”

Kijana kavaa Kyrie 3 kwa uso wa msiba. Nimemwambia asimame kwa mguu mmoja, ajisukume pembeni ukutani. Mguu haukutoka kwenye kitako cha kiatu, kisigino hakikupanda. Uso ukaanza kufunguka.

“Na hicho kitafika Desemba?” mama kauliza.

“Akikivaa uwanjani tu kitafika, mama. Akikivaa shule, sokoni na kanisani, hakifiki.”

“Basi kitalala chumbani kwangu.”

Elfu sitini na tano. Nimewaomba waniachie mpaka kesho, jioni hii nataka kiingie uwanjani kwanza. Mama kasema hajawahi kuona duka linalovaa bidhaa zake. Kalipa nusu.

Saa 7 mchana

Wali wa Kyela, maharage, na parachichi ambalo mama ntilie hakunitoza.

Saa 8 mchana

Freak 1 ya mguu wa kulia imeachia mbele, mwanya wa kuingiza kucha. Naipeleka kwa fundi, mzee wa Tukuyu anayekaa nyuma ya maduka ya vitambaa. Yeye hajawahi kutazama hata mechi moja ya kikapu, na anajua raba hizi kuliko mimi.

Mafundi wa haraka hupaka gundi mbichi na kubana papo hapo. Mzee kwanza anafungua mwanya zaidi ya ulivyokuwa, jambo ambalo mara ya kwanza linakutisha. Anakwangua gundi ya zamani mpaka iishe, anapitisha msasa pande zote mbili, anapaka nyembamba, kisha anaacha. Anaongea habari za mvua. Kila baada ya muda anagusa kwa mgongo wa kidole, na gundi ikiacha kunata kidoleni ndipo anapokutanisha na kugonga kwa nyundo ya mpira. Mwisho anashona pua ya kiatu kwa uzi uliotiwa nta.

Nikamsimulia habari ya Zion Williamson, mchezaji wa kikapu wa Marekani, Februari 2019, akiwa bado chuo kikuu cha Duke: mechi haijafika hata dakika moja, kageuka na mpira, kiatu kikapasuka ubavuni, mguu ukatoka nje, goti likaumia. Mzee akauliza uzito wake. Nikamwambia anazidi kilo mia na ishirini. Akatikisa kichwa: “Huyo angekuja kwangu ningemshonea pande zote.”

Ndaga fijo, asante sana, mzee. Elfu tano.

Saa 10:30 jioni

Uwanja ni wa shule moja ya sekondari, zege lenye ufa katikati, ringi moja imeinama. Tuko saba. Saizi 43 na 44 tunabadilishana. Nafanya hivi makusudi, maana mguu wangu peke yangu haunitoshi kutoa hukumu. Wakati mwingine navaa raba moja kushoto na nyingine kulia, hapo tofauti huwezi kuikosa.

Kwanza mshiko. Unakimbia kwa nguvu, unasimama ghafla mahali penye vumbi. Halafu unafuta soli kwa kitambaa chenye maji, unarudia. Raba nyingi zinashika zikifutwa. Nachotaka kujua ni mshiko unadumu hatua ngapi kabla vumbi halijajaa kwenye mistari. Kyrie 3 imeendelea kung'ang'ania muda mrefu kuliko zote. LeBron 15 ilitaka kitambaa mara kwa mara.

Curry Flow 8 ndiyo iliyotugombanisha. Zege likiwa safi inashika kiasi cha kukurusha mbele, kila mtu aliyeivaa kapiga kelele. Pointi gadi wetu kasema hataki kuivua. Nikamwomba ainue mguu. Baada ya mchezo mfupi tu, chini ya kidole gumba sponji ilikuwa imeanza kuota manyoya, na pale alipokuwa akigeukia kulikuwa na chembe chembe za rangi ya kiatu juu ya zege. Siwezi kumlaumu aliyeitengeneza, kwenye mbao zege hili halipo. Ila hapa Mbeya mtu akinunua hiyo kwa elfu tisini, ananunua miezi michache.

Kutua sasa. Senta wetu, yule wa chini ya ringi, mtu wa kilo tisini na kitu, kavaa LeBron na kwenda kugombea rebaundi, mipira inayokosa ringi, mfululizo. Kashuka anatabasamu, magoti yake kwa mara ya kwanza wiki hii hayalalamiki. Nilipoivaa mimi nikaona niko mbali na ardhi, naisikia sakafu kwa kuchelewa. Freak 1 iko katikati: ukitua kwa kisigino na kupiga ile hatua ndefu ya pembeni anayoipenda Giannis, inakupokea vizuri; ukikaa kwa vidole muda wote, mbele ni pagumu. Ushonaji wa mzee haujacheka hata kidogo.

Simu nimeiegemeza kwenye tofali, inachukua video ya miguu kwa mwendo wa polepole. Video hainaga ushabiki. Mmoja aliapa kwamba LeBron imemshika barabara, kwenye video mguu unaonekana kabisa unamwagika nje ya kitako kila anapokata kona. Kaangalia mara tatu, halafu kasema kamba hakufunga vizuri.

Saa 1:30 usiku

Nyumbani, chai ya Rungwe, maboksi yako kitandani. Kila pea naandikia kikaratasi. Sitoi nyota wala alama, mtu anazitazama alama kisha anafanya alichotaka. Naandika maneno. LeBron 15: “mtu mzito, futa soli”. Freak 1: “zege sawa, anayetua kwa kisigino, imeshonwa mbele”. Curry: “ndani tu, na ndani hatuna”. Kyrie 3: “ya mama”.

Napiga picha, naweka WhatsApp. Wa kwanza kujibu ni mteja wa Iringa. Hajauliza chochote kati ya nilivyoandika. Anataka ile retro nyeupe aliyoiona nyuma ya picha, achezee ligi ya mtaa Jumamosi. Namtumia video ya kidole changu chenye unga wa njano.

Anakaa kimya. Kisha: “Sawa kaka, nitumie hiyo ya Giannis, 44. Hakuna rangi nyingine?”